Magogo ya Gabon na Magogo ya Kongo

Ukimwambia mtu wa Butembo kwamba nchi ndogo ya Gabon imeuza ng'ambo magogo mengi kupita Kongo yetu yote, atacheka. Atakuuliza: Je, Gabon ina msitu mkubwa kuliko wetu? La, haina. Gabon yote ina kilometa za mraba 268,000 hivi, na watu wake wamezidi milioni 2 kidogo tu. Kongo ina kilometa za mraba 2,345,000, na msitu wake peke yake umezidi hektari milioni 100, yaani mara nne na zaidi ya msitu wa Gabon. Hata hivyo neno ni la kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Gabon ilipakia melini magogo yaliyozidi meta za ujazo milioni 2 kwa mwaka, meta kibe kama wasemavyo wafanyabiashara wetu. Lakini mavuno yote ya makampuni ya miti ya Kongo, yaliyouzwa nje na yaliyobaki nchini pamoja, kwa kawaida hayakuzidi nusu milioni.

Sababu ni nini? Wengine watasema ni serikali, wengine ni vita, na mmoja hakosi kusema kwamba sisi Wakongo ni wavivu. Huyo wa mwisho tumwache, hajapata kubeba ubao kichwani toka msituni mpaka barabarani. Hao wengine wana haki kwa sehemu. Lakini sababu ya kwanza ni ya zamani kuliko serikali zote.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Gogo ni mti uliokatwa, ukaondolewa matawi na ncha, ukabaki mwili wake wa mviringo, wala haujapasuliwa. Ubao ni gogo lililokwisha kupita msumenoni. Vitabu vya forodha huviandika vitu hivi viwili mbali mbali, na ndivyo ipasavyo, maana anayeuza gogo anauza pamoja nalo kazi ya kupasua, ya kukausha, ya kuranda, ya kuunda milango na vitanda. Kazi hiyo yote humfuata mnunuzi kwake. Msomaji aishike vema tofauti hii ya gogo na ubao, kwa sababu tutaihitaji sana tutakapofika Kasindi.

Mto unaofika baharini na mto unaoanguka

Gabon ina mto mkubwa, jina lake Ogooué. Kutoka mji wa Ndjolé mto huo hupita Lambaréné, hata ufike baharini karibu na Port-Gentil, wala katika sehemu hiyo hakuna maporomoko ya kuzuia chombo. Kando ya mto huo na vijito vyake huota mti ambao ni nadra kuuona penginepo duniani, isipokuwa kwa majirani wa Gabon: mti wa okoumé. Wataalamu wa mimea wanauita *Aucoumea klaineana*. Jina hilo la pili ni la Padre Théophile Klaine, mmisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu huko Libreville, ambaye katika miaka ya 1890 alikuwa akikusanya majani, maua na matunda ya msituni na kuyapeleka Paris kwa mtaalamu Pierre. Sisi makatekista twajua mapadre wa namna hiyo, wenye daftari la ubatizo mkononi na majani makavu mfukoni.

Okoumé una sifa mbili zilizobadili historia ya nchi. Ya kwanza, mti wake ni mwororo na wa sawasawa, ukizungushwa mbele ya kisu kirefu humenyeka kama karatasi, na tabaka zile nyembamba zikigandishwa pamoja ndizo zinazofanya triplex. Ya pili, ni mwepesi: ukitupwa majini, unaelea. Wanahistoria wa Gabon hutaja mwaka 1889 kuwa ndio mwaka magogo ya kwanza ya okoumé yalipopelekwa Hamburg, Ujerumani. Wajerumani walitaka mti wa kutengenezea masanduku ya sigara na triplex, wakaupenda mara moja. Mwaka 1913 magogo yaliyotoka Gabon yalikwisha kupita tani 100,000, na sehemu kubwa yalikwenda Ujerumani, ingawa Gabon ilikuwa koloni la Wafaransa. Biashara haikuuliza bendera.

Kazi yenyewe ilikuwa ya taabu kubwa. Hapakuwa na mashini. Watu waliangusha mti kwa shoka, wakaukata vipande, wakalisukuma kila gogo kwa mikono juu ya njia ya miti iliyolazwa chini, hata kufika kijitoni. Hapo wakangoja mvua. Maji yakijaa, magogo yalishuka mpaka mto mkubwa, yakafungwa pamoja kuwa chelezo kirefu, na watu wakakaa juu yake na vyungu vyao siku nyingi wakiteremka kwenda baharini. Daktari Albert Schweitzer, aliyefika Lambaréné mwaka 1913, aliziandika habari hizo kwa urefu, maana waliopondwa na magogo walipelekwa kwake. Vijana waliitwa mbali na vijiji vyao kwa mikataba, na katika miaka ya 1920 njaa ilipiga sehemu nyingi za Gabon, kwa kuwa wenye nguvu za kulima walikuwa kambini wakisukuma miti. Haya yasisahauliwe tunapozisoma hesabu za tani.

Sasa turudi Kongo. Mto wetu ni mkubwa mara nyingi kupita Ogooué. Kutoka Kisangani hadi Kinshasa meli husafiri kilometa 1,734 bila kizuizi. Walakini baada ya Kinshasa mto huanguka. Maporomoko baada ya maporomoko, mpaka Matadi, wala hapana chelezo wala meli iwezayo kupita. Wabelgiji walijenga reli ya kuzunguka maporomoko hayo, ikamalizika mwaka 1898 baada ya kula maisha ya watu wengi. Gogo la Bumba au la Mai-Ndombe lilipaswa kufika Kinshasa kwa maji, litolewe majini, lipakiwe garini, lisafiri nchi kavu zaidi ya kilometa 350, lishushwe tena Matadi, ndipo liingie melini. Kila kupakia na kushusha ni fedha. Tena miti yetu yenye thamani, kama wenge na afrormosia, ni mizito: ukiitupa majini inazama, ni lazima kuibeba juu ya matishari au kuifunga pamoja na miti myepesi.

Ndiyo sababu mwenye kampuni ya Kongo hakuweza kuuza mti wowote tu. Alitafuta ule wa bei kubwa peke yake, ule uwezao kulipa nauli yake mwenyewe mpaka Antwerpen: wenge, afrormosia, sapeli, iroko. Alikata mmoja hapa, akaenda mbali kutafuta mwingine. Gabon ilimwaga magogo kama mahindi, na Kongo ikatoa machache kama dhahabu.

Pembe moja tu ya Kongo ilifanana na Gabon, nayo ni Mayombe, vilima vya misitu kati ya Boma na mpaka wa Kabinda. Huko bahari iko karibu, wala maporomoko hayazuii. Wabelgiji walijenga reli ndogo toka Boma hadi Tshela, wakakata mti uitwao limba, wa rangi ya manjano nyepesi, uliopendwa sana Ulaya kwa samani. Wakati wa ukoloni magogo mengi yaliyotoka Kongo yalitoka katika pembe hiyo. Reli ile iling'olewa mwaka 1984. Msitu wa Mayombe wa leo ni mabaki tu ya ule uliokuwapo. Basi atakaye kujua Kongo yote ingekuwaje kama mto wetu usingeanguka, na aende Mayombe.

Baada ya mwaka 1960

Nchi zote mbili zilipata uhuru mwaka mmoja, Kongo tarehe 30 Juni 1960 na Gabon tarehe 17 Agosti. Gabon ilikuwa imekwisha kujengewa kiwanda kikubwa cha triplex huko Port-Gentil baada ya vita kuu ya pili, tena mafuta ya petroli yalikuwa yamegunduliwa mwaka 1956. Mafuta yakawa ndiyo mali ya kwanza ya serikali, miti ikashuka kuwa ya pili. Walakini magogo hayakupungua. Serikali iliunda shirika lake la kuuza okoumé, hata kwa miaka mingi mkataji hakuweza kumwuzia Mzungu gogo la okoumé ila kwa kupitia shirika hilo. Halafu reli ya Transgabonais ilianza kujengwa mwaka 1974, ikafika Franceville mwaka 1986, nayo ikafungua misitu ya bara ambayo mto ulikuwa hauifikii. Mnunuzi naye akabadilika: kuanzia miaka ya 1990 Uchina ikawa inachukua magogo mengi kuliko Ufaransa.

Kongo yetu, wakati huo ikiitwa Zaire, ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1973 mali ya wageni ilitwaliwa na kugawiwa watu wa karibu na serikali, na mashini zilizoharibika hazikupata vipuri. Meli za mtoni zilizeeka. Makampuni machache makubwa yalibaki, yakiendelea na wenge na afrormosia. Afrormosia yenyewe iliwekwa mwaka 1992 chini ya ulinzi wa mkataba wa mataifa juu ya mimea na wanyama walio hatarini, ikawa haiuzwi nje bila kibali maalum. Vita ya mwaka 1998 ikakata mto katikati, upande mmoja serikali, upande mwingine waasi, na magogo ya Ekwateri yakalala hapo hapo yalipoangushwa.

Ndipo ikaja sheria. Mwezi wa Mei 2002 serikali ya Kinshasa ilisimamisha utoaji wa maeneo mapya ya kukata miti, na tarehe 29 Agosti 2002 ikatangaza sheria kubwa ya misitu. Kifungu chake cha 109 kingepasa kujulikana na kila mtu anayeishi karibu na msitu. Kinasema kwamba haki ya kuuza magogo nje ni ya wale tu wenye viwanda vya kupasua vinavyofanya kazi, pamoja na wakataji wenyeji. Tena ni kwa muda usiozidi miaka 10 tangu kuanza kukata, na kwa fungu lisilozidi asilimia 30 ya mavuno yao ya mwaka. Maana yake, sheria ilitaka asilimia 70 ipasuliwe hapa hapa. Mikataba ya zamani ilipochunguzwa, kati ya 156 iliyoletwa, 65 tu ndiyo iliyoonekana kuwa halali mwanzoni mwa mwaka 2009.

Gabon nayo ilikuwa na sheria ya namna hiyo, ya mwisho wa mwaka 2001, iliyotaka robo tatu ya miti ipasuliwe nchini ifikapo mwaka 2012. Watu waliendelea polepole, kama kawaida ya sheria zenye tarehe ya mbali. Mwaka 2009 Rais Omar Bongo alifariki, mwanawe Ali Bongo akachukua nafasi yake, na mwezi wa Novemba wa mwaka ule ule serikali mpya ikatangaza kwamba kuanzia mwaka 2010 hakuna gogo litakalotoka. Si asilimia 30, si 15. Hakuna. Walipewa miezi michache tu ya kumaliza magogo yaliyokwisha kulala bandarini.

Wengi walidhani ni maneno. Kumbe ilikuwa kweli. Magogo ya Gabon katika hesabu za dunia yalishuka toka zaidi ya milioni moja na nusu mpaka karibu na sifuri. Baadhi ya makampuni yalifunga, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, na hazina ya serikali ikakosa ushuru wa magogo. Lakini huko Nkok, kilometa 27 hivi toka Libreville, kulifunguliwa eneo kubwa la viwanda, na humo wageni kutoka Asia na penginepo wakaleta mashini za kumenya na za kupasua. Gogo ambalo zamani lingemenywa Uchina likawa linamenywa Nkok. Kwa haki tuseme pia kwamba kazi nyingi ya huko ni ile ya kwanza tu: tabaka nyembamba na mbao hupakiwa melini, na kabati lenyewe huundwa kwingine. Hata hivyo kijana wa Gabon amejifunza mashini ambayo baba yake hakuiona, naye hulipwa mshahara kwa mti uliokwisha kumlipa mkataji.

Katika hayo Gabon haikuwa ya kwanza. Indonesia ilikataza magogo mwaka 1985, ikawa mwuzaji mkubwa wa triplex duniani. Na misitu yake ikaendelea kuangushwa kwa kasi, maana viwanda vilikuwa na njaa kuliko meli. Kukataza gogo ni kuamua msumeno ukae wapi. Ni jambo kubwa kwa kazi ya watu, lakini halihesabu miti inayobaki imesimama.

Gabon ina milango mingapi?

Hapa ndipo nitakapo msomaji asimame kidogo. Kwa nini katazo la Gabon lilishika? Kwa sababu magogo yake yalipita milango miwili: Owendo karibu na Libreville, na Port-Gentil. Serikali ikiweka askari wa forodha katika milango hiyo miwili, gogo lenye kimo cha nyumba halina pa kujificha. Na hata hivyo ilitokea aibu. Mti wa kevazingo, mzito, mwekundu, wenye bei kubwa mno, ulikatazwa kukatwa mwaka 2018. Mwanzoni mwa mwaka 2019 makontena zaidi ya 350 ya kevazingo yalikutwa Owendo, yakiwa na karatasi za kusema ni mti mwingine. Baadhi yakatoweka yakiwa chini ya ulinzi wa serikali yenyewe. Mwezi wa Mei mwaka huo makamu wa rais na waziri wa misitu waliondolewa kazini. Ikiwa nchi yenye milango miwili ilipitwa namna hiyo, nchi yenye milango kumi itafanyaje?

Kongo ina mpaka na nchi tisa. Matadi na Boma ni milango ya magharibi tu. Sisi wa Butembo na Beni hatujawahi kuuza mti wetu kwa njia ya Matadi. Kutoka Beni hadi Kasindi ni kilometa 80 hivi. Kutoka Beni hadi Matadi hakuna anayepima. Mti wetu hutazama mashariki.

Nao huondoka kama ubao. Haya ndiyo niliyomwomba msomaji ayashike. Katika misitu ya Mambasa, ya Biakato, ya Mangina, na upande wa njia ya Mangurejipa, hakuna mashini ya kuvuta gogo wala reli ya kulibeba. Mkataji huangusha libuyu, mti wa ukoo wa mahogani, au mvule, kisha huupasua pale pale kwa msumeno wa motere, akifuata kamba iliyopakwa rangi. Msumeno ule ni mnene, hula mti mwingi kuwa unga, hata theluthi moja tu hivi ya gogo huwa mbao na zilizobaki huachwa zioze. Wabebaji hutoa mbao kichwani au kwa pikipiki mpaka barabarani, lori huzichukua mpaka Kasindi, na ng'ambo ya daraja ni Mpondwe, nchi ya Uganda. Kutoka hapo huenda masoko ya Kampala, kama lile la Ndeeba, na nyingine huendelea mpaka Kenya. Kenya ilipofunga misitu yake ya serikali mwaka 1999, na tena mwaka 2018, njaa ya mbao ilizidi, na barabara ya Kasindi ikaisikia.

Sasa fungua kitabu cha hesabu za magogo yaliyouzwa nje ya Kongo. Utatafuta Kivu ya Kaskazini, hutaiona. Hatukuuza gogo! Kifungu cha 109 hakikuvunjwa hata mara moja na mkataji wa Mangurejipa, kwa kuwa yeye amepasua mti wote asilimia 100 hapa nchini, kama sheria ipendavyo. Nazo mbao zake nyingi hazikuandikwa vilevile, au ziliandikwa nusu. Wachunguzi waliopima kazi ya misumeno ya motere katika Kongo yote, katika miaka ya 2010, walikuta kwamba wakataji hao wadogo hutoa miti mara kadhaa kupita makampuni yote yenye mikataba. Kwa hiyo ile hesabu niliyoanza nayo, ya Kongo yenye nusu milioni, ni hesabu ya Kongo iliyo na karani. Kongo isiyo na karani ni kubwa kuliko hiyo.

Wengine watasema: Vizuri, basi sisi tumewapita Gabon, tunauza mbao na si magogo. Ingekuwa vizuri kama faida ingebaki. Mwenye shamba au mkubwa wa udongo anayeuza mti uliosimama hupata fedha ambayo mara nyingi haifiki bei ya mbao chache tu za mti huo huo huko Kampala. Mpasuaji hulipwa kwa ubao, mbebaji kwa safari. Vizuizi vya njiani hula vyao, kila kimoja na kofia yake. Mafuta ya msumeno na lori hutangulizwa na mwenye mtaji, naye ndiye anayetaja bei. Kukausha na kuranda, ile kazi ambayo Gabon iliipigania, hufanyika ng'ambo ya Mpondwe.

Kesi ya mbao huko La Haye

Kwamba jambo la kuandikwa si mchezo wa makarani, lilionekana mbele ya mahakama. Wakati wa vita, majeshi ya Uganda yalikuwa katika nchi yetu toka mwaka 1998 hadi 2003. Mwezi wa Aprili 2001 tume ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ilitoa taarifa juu ya mali ya Kongo iliyokuwa ikichukuliwa, na mbao za upande wetu zilikuwamo pamoja na dhahabu, koltani na kahawa. Uganda ilikana, ikaunda tume yake chini ya Jaji David Porter. Kongo ilikwenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye, na tarehe 19 Desemba 2005 mahakama ikahukumu kwamba Uganda ina wajibu wa kulipa, kwa ajili ya watu waliouawa na kujeruhiwa, na kwa mali ya asili iliyoporwa na askari wake.

Kulipa kiasi gani? Mabishano hayo yalichukua miaka 16 zaidi. Hukumu ya malipo ilitolewa tarehe 9 Februari 2022: dola milioni 325 kwa jumla. Kati ya hizo, milioni 60 ni za mali ya asili yote pamoja, ukiweka dhahabu, almasi, koltani, kahawa na mbao katika kapu moja. Kongo ilikuwa imeomba pia dola milioni 100 kwa ajili ya msitu ulioangamizwa. Kwa dai hilo mahakama haikutoa kitu. Haikusema kwamba miti haikukatwa. Ilisema kwamba Kongo haikuleta msingi wa kuipimia hasara hiyo. Uganda ilianza kulipa mwezi wa Septemba 2022, milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano.

Tuwaze kidogo Gabon ingekuwa mahali petu. Ingefungua vitabu vya Port-Gentil, mwaka kwa mwaka, aina kwa aina, na kumwonyesha jaji: kabla ya vita magogo kadhaa, wakati wa vita magogo kadhaa. Mkoloni aliyeandika tani zile aliziandika kwa faida yake, lakini kitabu kimebaki. Sisi tungemwonyesha jaji nini? Visiki vya Mangina?

Tangu hapo mambo mawili yamejaribiwa. Mwezi wa Septemba 2015 Kenya, Uganda, Tanzania, Msumbiji na Madagaska zilitia sahihi Tamko la Zanzibar la kuzuia biashara haramu ya mbao. Kongo, ambako sehemu kubwa ya mbao hizo hutoka, haikuwa kati ya hao watano. Na mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, basi kwa karatasi Kasindi na Mpondwe ni nyumba moja. Walakini upande wa msitu wenyewe amani haijarudi. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wameuawa mashambani na majumbani, na mwaka 2024 mauaji yalifika mpaka Mangurejipa. Wakulima wamekimbia, na mara nyingi msumeno umeendelea kulia mahali ambapo jembe halithubutu kwenda, maana wenye silaha nao hutoza kodi juu ya ubao.

Hapa mjini kwetu, toka Mususa mpaka Kimemi, ukitazama juu ya nyumba inayojengwa utaona mapaa ya mikaratusi, miti iliyopandwa vilimani na wazee wetu na kukatwa ingali michanga. Hupinda ikikauka, na fundi huilaani. Libuyu hupita barabarani usiku, juu ya lori lililofunikwa turubai, kuelekea Kasindi.